Taa za tangi la matumbawe ziwake masaa mangapi? Niko Kisumu na nimechanganyikiwa

JaTangi_Mamboleo (Kisumu)

Wadau habari zenu. Naomba msaada kabla sijauza hii kitu yote na stendi yake. Niko na tangi la maji ya chumvi lita 120, limemaliza miezi saba, ndani kuna klaunifishi wawili, konokono kama kumi wa kusafisha glasi na matumbawe ya kuanzia tu: zoa za rangi tatu (vile vidogo vinavyofunguka kama maua), mashrumu nyekundu, leza moja (lile laini kama ngozi), na hama moja (lile lenye mfupa ndani) ambayo ndiyo ilikula pesa ya maana. Taa ni ile boksi nyeusi ya LED ya kutoka China, ile inakuja na nyaya mbili, moja ya buluu na moja ya nyeupe, kila waya nimeuchomeka kwa taima yake, zile za bei ya chini za kuzungusha, ziko na vijino vijino pembeni unabonyeza chini.

Sasa shida yenyewe. Nilianza na masaa 12, hesabu yangu ilikuwa rahisi, sisi tuko kwa ikweta, jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, matumbawe nayo ni viumbe vya nchi za joto kama sisi, si wapewe tu siku yao ya kawaida. Mwezi wa pili glasi ikawa inajaa mwani nakwangua kila siku asubuhi kama mtu ananyoa ndevu. Jamaa mmoja kwa grupu ya WhatsApp akaniambia masaa 12 ni ya kufuga mwani, shuka hadi 6. Nikashuka. Zoa zikaanza kurefusha shingo. Mwingine akasema 9. Wiki tatu zilizopita nikaweka 9, buluu na nyeupe zote pamoja, saa nne asubuhi hadi saa moja usiku, na hapo ndipo mambo yameharibika kabisa. Hama imekuwa nyeupe upande wa juu, mashrumu zimejikunja kama chapati za jana, zoa zingine zinafungua zingine zimegoma.

Kitu kingine, sijui kama kinahusiana. Juzi niliamka usiku kwenda choo nikapata taa zote zinawaka na ni saa saba usiku. Nikajua tu kijana wangu amechezea taima, nikampa maneno asubuhi. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na kurudi saa moja jioni, nikirudi napata zinawaka, kwa hivyo naona ni sawa.

Tangi liko sebuleni kando ya dirisha la upande wa ziwa. Maji hucheza digrii 26 hadi 28. Chumvi iko 1.025. Naitreti nilipima mara ya mwisho ikawa kama 15.

Maswali: ziwake saa ngapi zizime saa ngapi? Lazima zifuate jua la nje? Na usiku niache buluu kidogo iwe kama mbalamwezi ama niache giza? Mama watoto ameshaniuliza mara mbili hawa samaki wataliwa lini, na hapa kwetu samaki asiyeliwa anahitaji kujieleza, kwa hivyo naomba majibu ya maana.

Bwana_Chumvi (Kakamega)

Karibu kwa kundi la wanaolia bro. Kwa haraka haraka, zima hiyo nyeupe kabisa. Mimi huku Lurambi naendesha buluu tupu masaa 8 na zoa zangu zinaongezeka kama sukuma wiki ya mvua. Nyeupe ni ya kufurahisha macho ya wageni na kulisha mwani basi. Na kama hama ikienda usinunue ingine sasa, shuka Watamu ukapige mbizi ujiokotee 😂

Kuhusu saa, matumbawe hayajui saa yako. Niamini. Mwaka jana nilienda kikazi Lodwar wiki mbili, taima ikapotea mpangilio siku niko njiani, nikampigia mpwa wangu simu nikamwambia weka taa iwake saa nne izime saa kumi na mbili. Taima ni ya dijitali ya masaa 24. Kijana wa siku hizi, akaandika 04:00 hadi 12:00. Narudi nyumbani jioni nakuta giza, kesho yake giza, nikaanza kufikiri taa imeungua, kumbe tangi linaamka na jogoo na kulala saa sita mchana jua likiwa utosini. Na yote yalikuwa yamenona! Hakuna kilichokufa. Walipewa masaa yao nane bila kukosa, yaliyobaki ni shida yangu mimi ninayetaka kuwaona.

DadaReef_Kiamunyi (Nakuru)

JaTangi pole sana. Kabla hujagusa masaa tena naomba ujibu haya, juu nina wasiwasi tunatibu ugonjwa ambao si huo.

Moja, usiku wa leo enda kwa kila taima usome kile kiduara kinaonyesha saa ngapi, ulinganishe na simu yako. Usiangalie kama taa inawaka ama haiwaki, soma saa. Mbili, vile vitufe viwili vya kuzungusha kwa taa viko asilimia ngapi? Tatu, taa iko juu ya maji sentimita ngapi? Nne, hilo dirisha la upande wa ziwa, jua la jioni linapiga tangi lenyewe ama linaishia kwa zulia?

Wakati unaangalia hayo, wacha nieleze hii biashara ya masaa 12 kwa sababu wengi huku bara tunaanguka hapo, hata mimi nilianguka. Ni kweli siku yetu ni masaa 12. Lakini jua si balbu. Saa moja asubuhi likiwa limelala vile, mwanga mwingi unadunda juu ya maji na ule unaoingia ni hafifu, nguvu inapanda pole pole, kali kabisa ni kama saa nne hadi saa tisa, halafu inashuka tena, na hapo bado hujatoa mawingu na mawimbi. Kwa hivyo tumbawe la baharini halipati masaa 12 ya jua kali, linapata mlima, linapanda na kushuka. Sisi tukiweka taa masaa 12 tunaweka meza: saa ileile ya kwanza nguvu yote, saa ya mwisho nguvu yote. Ndiyo maana masaa 8 hadi 10 kwa jumla yanatosha matangi mengi ya nyumbani, na katikati hapo ndipo unaweka ule mwanga mkubwa masaa manne hadi sita.

Ndani ya nyama ya tumbawe kunaishi mwani mdogo sana wa seli moja, ndio unaopika. Mchana unapika sukari kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba, na ndio unaompa ile rangi ya hudhurungi. Sasa huyu mpishi ana kiasi chake. Mwanga ukipita kile kiwango hapiki zaidi, anaanza kutoa sumu, oksijeni ya aina mbaya, na mwenye nyumba akizidiwa anamfukuza mpishi. Hapo ndipo unaona weupe, ni nyama iliyobaki bila mpishi na mfupa unaonekana kwa ndani. Haijafa bado! Angalia kama nyama iko na inajivuta ukiisukumia maji kwa karibu. Kama nyama iko, kuna matumaini.

Ukitaka kujua kama shida ni mwanga mwingi ama mdogo, wao wenyewe husema. Zoa ikirefusha shingo inatafuta mwanga, hiyo ilikuwa wakati ule wa masaa 6. Mashrumu ikijikunja na hama ikipauka upande wa juu tu huku chini iko sawa, hiyo inakimbia mwanga. Kwa hivyo ninashuku ni nguvu na si masaa.

Bwana_Chumvi, kuhusu buluu tupu nitarudi, usifikiri umeponea.

Mzee_wa_Ziwani (Kisumu)

JaTangi kijana wangu, mimi nimefuga samaki wa maji baridi tangu miaka ya tisini na hii ya chumvi ni mwaka wa nne sasa, niko Milimani hapa hapa, kwa hivyo joto lako nalijua.

Hakuna aliyekuuliza digrii 28 inafika saa ngapi. Mimi nakwambia, ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, mabati yamepika nyumba na jua limeshuka upande wa ziwa linaingia kwa dirisha. Sasa wewe umeweka taa kali wakati huohuo. Joto na mwanga mkali vikikutana ndipo tumbawe linapauka haraka, moja peke yake linaweza kuvumilia. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopanda joto kwa sababu ya El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, na hiyo ni bahari nzima, si lita 120.

Mimi nilisogeza mchana wa tangi langu. Taa kubwa inaanza jua la nje likiwa linaondoka. Nikaweka feni ndogo inapuliza juu ya maji, inashusha digrii mbili hivi, lakini ujue maji yatakauka haraka, na yanayokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hivyo unajaza na maji matamu safi ya RO (yale ya kuchujwa kwa mashine hadi yabaki maji matupu) na si ya chumvi. Nilifanya kosa hilo mara moja nikafika 1.029.

Na wewe wa Kakamega usimpoteze kijana. Watamu na Malindi ni hifadhi za bahari tangu 1968, huokoti kitu pale, hata lililokufa. Nunua kipande kilichokatwa kwa tangi la mtu.

Bwana_Chumvi (Kakamega)

Mzee ilikuwa ni utani, samahani. Nimeweka hata kikaragosi cha kucheka.

JaTangi_Mamboleo (Kisumu)

Wadau mmenimaliza. Nimetoka kusoma taima.

Simu inasema saa tatu kamili usiku. Taima ya buluu inasema saa nane na dakika arobaini mchana. Ile ya nyeupe inasema saa saba mchana!! Yaani kwa taima ya nyeupe watu ndio wanakula lanchi.

Nikakaa chini nikafikiri. Stima huku kwetu wiki hizi tatu za mvua imekuwa ikienda na kurudi, leo saa moja, kesho dakika ishirini, kuna siku ilienda masaa matatu. Kila ikipotea kiduara kinasimama, ikirudi kinaendelea pale kilipoachia, hakijui kama dunia ilisonga. Ya nyeupe nayo iko kwa ekstensheni ambayo dada wa nyumbani huchomoa akipiga pasi nguo za shule. Piga hesabu: buluu imechelewa masaa sita na dakika ishirini, nyeupe masaa manane. Kwa hivyo buluu imekuwa ikiwaka saa kumi na dakika ishirini jioni hadi saa saba na dakika ishirini usiku, na nyeupe saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa usiku wa manane. Mimi nikiingia saa moja napata zinawaka nasema aah kila kitu ni sawa 🤦🏾

Kijana wangu nimemwomba msamaha mbele ya mamake, nikamnunulia soda.

Majibu mengine: vitufe viko 80 vyote viwili, fundi aliyeniuzia alisema 100 nikashusha mwenyewe nikajiona mwerevu. Taa iko sentimita 15 juu ya maji. Na jua, ndio, kuanzia saa tisa linapiga upande wa kulia wa tangi hadi linapozama, hama iko upande huohuo wa kulia, juu ya jiwe.

DadaReef_Kiamunyi (Nakuru)

Haya, sasa tunaona mgonjwa. Jumlisha: jua la dirisha tangu saa tisa, taa tangu saa kumi, mpaka saa tisa usiku, halafu saa kumi na mbili na nusu kumeshapambazuka. Hao viumbe wamekuwa wakipata giza la masaa matatu na nusu. Na giza ni kazi, wengi wao hutoa mikono ya kukamata chakula usiku, na mpishi pia anahitaji kupumzika. Halafu kila stima ikipotea ratiba inahama tena, hakuna siku mbili zilizofanana.

Taima kwanza. Nunua za dijitali zenye kabetri kadogo ndani, stima ikienda saa inaendelea kutembea. Hako kabetri huzeeka baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo mara moja kwa mwezi linganisha na simu. Ama zile plagi za wifi, hizo hujirekebisha intaneti ikirudi, lakini zipime kwanza kwa kuchomoa na kuchomeka, kuna zingine stima ikirudi zinabaki zimezima zikingoja amri yako. Ekstensheni ya pasi itafutiwe kwao.

Nguvu sasa. Pandisha taa hadi sentimita 25 au 30. Buluu weka 35, nyeupe weka 10. Najua utaona tangi limekuwa giza, vumilia, macho yako si ya tumbawe. Hama toa juu ya jiwe weka chini, upande wa kushoto mbali na dirisha. Kaa hapo wiki mbili bila kugusa. Halafu kama mashrumu zimelala vizuri, ongeza asilimia tano kwa buluu, subiri wiki, angalia, tano tena. Ukifika 50 kwa buluu na 15 au 20 kwa nyeupe, kwa aina ulizo nazo pengine umefika. Zoa, mashrumu na leza wanaishi vizuri kwa PAR ya 50 hadi 150, hama 80 hadi 150 hivi. PAR ni kile kipimo cha mwanga unaoweza kutumiwa na mpishi, mita yake ni ghali, mimi niliazima mara moja tu ya mtu wa Nairobi nikapima kila kona nikaandika kwa daftari nikarudisha. Zile programu za simu za kupima mwanga usizitegemee kwa taa ya buluu, kamera ya simu inaona buluu kidogo kuliko ilivyo, itakwambia ongeza wakati unachoma.

Sasa saa. Nakubaliana na Mzee kabisa, wewe wa Kisumu usigombanie mchana na jua. Taa yako haina kupanda pole pole yenyewe, lakini nyaya mbili ni kama ngazi ya vidato viwili, itumie hivi: buluu iwake saa sita mchana, nyeupe ijiunge saa tisa, nyeupe izime saa mbili usiku, buluu izime saa nne usiku. Buluu masaa kumi, nyeupe masaa matano. Ukifika nyumbani saa moja unapata saa nzima ya mwanga mkubwa na masaa mawili ya buluu ambayo ndiyo zoa hung'aa. Kuanzia saa nne usiku giza hadi asubuhi.

Mbalamwezi ya buluu usiku kucha acha. Mbalamwezi halisi ni hafifu kuliko LED nyingi za dukani, ni kweli baharini matumbawe hufuata mwezi kujua siku ya kutaga, lakini hayo ya kwako hayatatagia sebuleni.

Na dirisha, pazia zito. Hakuna ujanja mwingine hapo.

Mzee_wa_Ziwani (Kisumu)

Dada amesema vyema. Mimi ningebadilisha kitu kimoja, nyeupe hiyo ya saa tisa iende saa kumi na moja hadi saa tatu. Saa tisa Kisumu bado ni tanuri.

DadaReef_Kiamunyi (Nakuru)

Mzee nakubali, wewe ndiye unayekaa huko. Mimi huku Nakuru shida yangu ni kinyume, mwezi wa Julai usiku nyumba inashuka hadi digrii kumi na tano na hita inafanya kazi usiku kucha, token zinaisha kama peremende. Kwa hivyo JaTangi fuata ya Mzee: nyeupe saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, masaa manne, kwa kuanzia yanatosha na yatasaidia kupunguza mwani pia.

Sasa Bwana_Chumvi. Buluu tupu inafanya kazi, sikatai, maji hunywa nyekundu kwanza na kadiri unavyoshuka kinachobaki zaidi ni buluu, ndiyo maana matumbawe yamezoea hiyo. Lakini nyeupe si ya wageni tu. Chini ya buluu tupu huoni nyama ikianza kuoza, huoni mwani mwekundu wa kunata ukianza kwa mchanga, kila kitu kinang'aa tu kama disko. Mimi hiyo saa ya nyeupe ndiyo saa yangu ya daktari. Na mwani haulishwi na nyeupe peke yake, unalishwa na naitreti na fosfeti. JaTangi ile 15 si mbaya sana ila fosfeti hujaitaja, ipime. Ukiwa na fosfeti nyingi hata ukiweka taa masaa manne mwani utakuja tu.

Bwana_Chumvi (Kakamega)

Nimekubali nusu. Jana niliwasha nyeupe baada ya miezi na nikapata aiptasia tatu nyuma ya jiwe, wale anemoni wabaya wa kuuma wenzao. Sijui wamekuwa hapo tangu lini. Kwa hivyo sina maneno mengi leo.

Lakini swali, stima ikienda masaa sita, niunge taa kwa invata ama?

DadaReef_Kiamunyi (Nakuru)

Hapana! Taa ni ya mwisho. Tumbawe likikosa mwanga siku moja hata mbili halijali, baharini kuna siku za mawingu mazito, na kuna watu huzima taa siku tatu kwa makusudi kupigana na mwani. Kinachoua ni maji yakisimama, hewa inaisha na samaki ndio hutangulia. Betri yote iende kwa pampu ya kusukuma maji, na kama huna invata nunua ile pampu ndogo ya hewa ya betri. Halafu stima ikirudi usiongeze masaa ya taa kulipia yaliyopotea, wacha ratiba iendelee kama hakuna kilichotokea.

Jambo lingine dogo ambalo watu husahau, pangusa kioo cha taa kila wiki kwa kitambaa chenye maji ya RO, ikiwa imezimwa. Chumvi hurukia pale na kukauka, mwanga unapungua pole pole, wewe unaongeza kitufe, halafu siku unapangusa unawachoma wote kwa mara moja. Nimefanya hivyo, nilipoteza monti, tumbawe zuri sana la kijani, sitaki kuongea juu yake.

JaTangi_Mamboleo (Kisumu)

Narudi na ripoti, ni wiki ya sita leo. Nimeacha kubadilisha badilisha, nilifunga vile vitufe na selotepu ili mkono usiniwashe.

Taima mbili za dijitali, zimekaa sawa, wiki iliyopita stima ilienda jioni nzima na ilipogonga saa nne usiku nikaona kitaima kinaonyesha saa nne bila stima, nikafurahi peke yangu gizani na tochi kama mwizi. Pazia mama watoto amechagua, zito, rangi ya maruni. Feni iko. Maji sasa hayapiti 26.8.

Mashrumu zilikuwa za kwanza kufunguka, siku ya nne tu. Zoa zimerudi zote isipokuwa tatu. Glasi nakwangua kila baada ya siku nne si kila siku. Fosfeti nilipima ikawa 0.25, kumbe nilikuwa nalisha samaki kama ng'ombe, nimepunguza. Hama ndiyo nilikuwa naogopa. Vichwa viwili vya juu viliisha, nyama ilitoka ikabaki mfupa, nimevikata. Lakini vile vitatu vilivyobaki, ule upande uliokuwa mweupe kama karatasi umeanza kupata hudhurungi ya mbali sana, lazima uangalie wakati wa nyeupe ndio uone. Nimewaita watu wote wa nyumba waje waone hudhurungi, hakuna aliyeelewa ninachofurahia, isipokuwa kijana, ambaye sasa ndiye anasoma taima kila Jumapili na kuniripotia.

Sasa niko buluu 45 nyeupe 10. Dada, naona kama hama ikipata nyeupe kidogo zaidi itaharakisha kupona, nipandishe hadi 20 wiki hii?

DadaReef_Kiamunyi (Nakuru)

Mpishi amerudi jikoni na amepata sufuria moja, wewe unataka kumletea wageni mia. Acha selotepu ilipo. Uliza tena baada ya mwezi, na ulete picha iliyopigwa wakati wa nyeupe.

Mzee_wa_Ziwani (Kisumu)

Na hiyo ekstensheni ya pasi?

JaTangi_Mamboleo (Kisumu)

Imehamia chumba cha kulala Mzee. Na bango nimebandika.